Kipande Nilichompa Kaka Elia

India, Alhamisi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Pole, na pole tena. Sijui mtu anamsalimuje mama yake katika wiki kama hii. Nikikuuliza kama hujambo nitakuwa nauliza jambo ambalo jibu lake nalijua. Hata hivyo nauliza: magoti yako yanakubali kusimama? Umekula? Mama mdogo amehamia kwako au bado anakuja na kurudi? Kaka Kosmas je, anakunywa uji walau? Mimi nipo. Nimekaa kitandani nimeegemea mito, naandika, na mkono unanitii.

Barua hii anakuja nayo wifi Monika, ambaye anasafiri kesho na mwili wa mumewe, kaka Elia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Kila nikipiga Kosmas anaweka spika, nyumba nzima inasikiliza, hadi majirani. Jumapili uliniambia unataka kujua ilikuwaje toka mwanzo, usije ukaambiwa na watu wa njiani. Basi soma mwenyewe, taratibu, kama unavyosoma Zaburi zako. Ukimaliza mpe Kosmas asome naye.

Kuumwa kwake unakujua. Uliona tumbo lilivyojaa maji na macho yalivyokuwa ya njano. Uliwasikia na wale waliosema ni pombe, na wale waliosema amewekewa kitu kwenye greda lake la kusawazisha barabara na mtu aliyetaka kazi yake. Hospitali walisema ini limesinyaa kwa sababu ya virusi vya homa ya ini, vimekaa ndani yake miaka mingi bila yeye kujua. Dawa zipo, ila kwake tulichelewa. Kilichobaki kilikuwa ini jingine, na mtu hai anaweza kukatwa kipande akampa ndugu yake. Tukapimwa. Kosmas alikuja akiwa na uhakika kwamba ni yeye, akakutwa na virusi vile vile. Damu ya Monika ikakataa. Nikabaki mimi.

Nakumbuka tulivyokaa kwako siku ile. Mume wangu Tasilo aliteremka kutoka Litumbandyosi kwa ajili ya kikao hicho tu, akasema alioa mke mzima na angependa kuendelea kuwa na mke mzima, kisha akatoka nje. Sikumlaumu, hata leo simlaumu. Watu wote wakakutazama wewe. Wewe hukusema niende, wala hukusema nisiende. Uliinuka ukaenda kugeuza samaki wako wa usipa kwenye chanja, na nilikuona unageuza waliokwisha geuzwa.

Mama, najua kinachokula moyo wako sasa. Unajiuliza kama kunyamaza kwako kulinituma. Hapana. Niliamua mimi, nikiwa na akili zangu, na kama ungesema nisiende ningekwenda vilevile na tungeachana vibaya. Kunyamaza kwako kulinisaidia.

Tulipofika huku walitupima upya kila kitu. Daktari wa upasuaji ni mtu mfupi, mpole, anayeongea akitazama mikono yake. Mkalimani wetu ni dada mmoja Mkongo, Kiswahili chake kina namna yake lakini tulielewana. Daktari alitueleza kwamba ini si kama viungo vingine. Ukilikata, kilichobaki hakikai hivyo hivyo, kinanenepa chenyewe mpaka kitoshe kazi ya mwili. Kwa hiyo kipande changu kingekua ndani ya Elia, na kile kitakachobaki kwangu kingekua ndani yangu, na kila mmoja angekuwa na ini la kumtosha. Elia alicheka kidogo. Akasema hiyo ndiyo hesabu ya kwanza maishani mwake kuona kitu kinagawanywa na hakuna anayepunjwa.

Lakini palikuwa na tatizo, na hatukufichwa. Upande wa kulia wa ini ndio mkubwa, na huo ndio waliotaka. Walipoupima wakaona wakiuchukua, kitakachobaki kwangu kitakuwa kidogo mno, huenda nisiamke. Wakasema wanaweza kuchukua wa kushoto tu. Sasa mwili wa Elia unaujua, mama, mabega ya kujaza mlango. Daktari alisema kipande kile ni kidogo kwa mtu yule. Damu yote iliyozoea kupita kwenye ini kubwa itakimbilia kwenye kitu kidogo, kwa nguvu, na inaweza kukiharibu kabla hakijapata nafasi ya kukua. Nilimwelewa vizuri kwa sababu ya kule kwa wakwe zangu Umatengo. Tukilima yale mashimo ya ngolo, tunachimba mengi mteremko mzima, kila shimo lishike maji yake kidogo. Mvua ya mlima wote ikiingia kwenye shimo moja, shimo linabomoka. Daktari akasema wataufunga mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye bandama ili nguvu hiyo ipungue.

Hapo Elia aliuliza swali lake. Aliuliza kama hakuna dawa ya kulihimiza ini likue haraka.

Daktari akatikisa kichwa. "Sina," akasema. "Ningekuwa nayo ningekupa leo. Ninachoweza ni kuliondolea vikwazo. Kukua litakua lenyewe."

Na vikwazo vyenyewe alivitaja. Virusi visirudi, ndiyo maana ya vidonge alivyopewa. Damu isilizidi nguvu. Mgonjwa ale, hata kama hataki, maana ini halijengwi kwa upepo. Atembee. Na maambukizi yasiingie, hilo alilirudia mara nyingi kuliko mengine. Elia alisaini. Nami nikasaini.

Upasuaji sina cha kusimulia, nililala. Nilipoamka nilimwulizia Elia kwa Kimpoto chetu cha nyumbani na hakuna aliyenielewa, mpaka Monika alipoingia akiwa amevaa zile nguo zao za kijani. Akaniinamia, akaniambia yuko hai.

Mwanzo ulikuwa mzuri, nataka uamini hivyo. Macho ya kaka yalianza kuwa meupe. Walimsimamisha mapema, akawa anatembea kwenye korido akisukuma ule mti wa dripu, manesi wawili pembeni. Siku moja alisimama mlangoni kwangu akasema korido yao imesawazishwa vizuri kuliko barabara ya Namswea, na kwamba ameiacha ile barabara na mashimo na hakuna atakayeyaziba mpaka arudi. Monika akacheka mpaka akakaa chini. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka.

Kisha njano ikarudi. Ilianza machoni, ikashuka mwilini. Mpira waliomwekea tumboni ukaanza kutoa maji mengi kila siku, na tumbo likajaa tena kana kwamba hakuna kilichofanyika. Wakampiga picha ya mashine. Kipande kilikuwa kimekua kidogo, kisha kikasita. Hakikufa, mama. Kilikuwa kinafanya kazi, lakini kazi ya mwili mzima ilikuwa imekizidi.

Walijitahidi, na nawashuhudia. Wakamrudisha chumba cha upasuaji kupunguza tena ule msukumo wa damu. Aliposhindwa kula wakamlisha kwa mpira wa puani. Aliposhindwa kusimama, kulikuwa na binti anayekuja kumkunja na kumkunjua miguu kitandani, asubuhi na jioni, akimhesabia kwa lugha yao. Daktari alikuwa anakuja hata siku ambazo si zamu yake, anabonyeza tumbo, anatazama mikono yake.

Na wakati huohuo, mama, mimi nilikuwa nakula.

Hili sijamwambia mtu. Njaa iliyonijia huku sijawahi kuijua, hata nilipokuwa nanyonyesha. Nilikuwa namaliza wali wangu, dengu, mayai, maziwa ya mgando, nikimaliza natazama sahani ya jirani. Manesi walifurahi, wakasema ndiyo dalili, ini linajijenga, kula mama. Chumba cha pili kaka yangu anatapika maji. Nilikuwa nageukia ukutani nikila ili Monika akiingia asinione mdomo ukitafuna.

Wakanipima nami. Kilichobaki kilikuwa kimenenepa na kukaribia ukubwa wa mwanzo. Daktari akasema ni habari njema, na ni kweli ilikuwa habari njema, lakini nilivuta shuka nikajifunika uso. Ini ni lile lile moja, mama, lililokatwa kwa mkono mmoja siku moja. Langu limekua na lake limegoma. Nikauliza kwa nini. Daktari aliniambia langu lilibaki nyumbani kwake, ndani ya mwili mzima wenye mishipa yake yote, na lile lingine lilihamia kwenye mwili uliokwisha choka, likiwa dogo. Ndivyo alivyosema. Nimekuandikia na wewe uwe nalo jibu hilo.

Sasa nifike kwenye jambo la wifi Monika, maana ataingia nyumbani kwako na nataka ulijue kutoka kwangu.

Alisikia kwamba langu limekua. Alikuja akaketi pembeni ya kitanda changu, akaanza kunikunjia kanga ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Kisha akasema, "Wifi, lako limerudi."

Nikamwambia ndiyo.

"Basi mpe tena."

Hakupiga magoti, hakulia. Alisema kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na ndiyo maana iliniingia. Nilimfikiria Tasilo na watoto wangu, sitakuficha. Kisha nikamwambia sawa. Daktari alipopita nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba mimi niko tayari kukatwa mara ya pili, achukue hiki kilichoota.

Alivuta kiti akaketi. Alisema haiwezekani. Kilichoota si kile kipande kilichoondoka. Upande wa kushoto ulikwenda na mishipa yake na njia zake za nyongo, haupo tena. Kilichonenepa ni upande wa kulia, na huo ndio unaoniweka hai, hauna mahali pa kukatwa. Akasema, "Nikikigusa, nitawapoteza wote wawili." Nikamwuliza kama kuna mtu mwingine. Akaniuliza yupi. Nikakosa wa kumtaja.

Nilipomweleza Monika hakuniamini. Alikuwa anakuja kunisafisha kidonda na kuninyoosha mgongo, akaacha, akamwomba nesi afanye. Alidhani nimezungumza na daktari pembeni, kwa lugha asiyoijua, nikamwomba anikatalie. Kwa siku kadhaa tuliishi hivyo, wanawake wawili wa mgonjwa mmoja, tunapishana mlangoni bila neno. Mwishowe nilimwita yule dada Mkongo, nikamwomba daktari arudie maneno yote mbele yetu. Akayarudia, akachora na picha kwenye karatasi. Monika aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Aliuliza swali moja tu, kama hata mgonjwa angekuwa ndugu yake daktari mwenyewe asingefanya. Daktari akajibu kwamba asingefanya. Jioni yake Monika alirudi na beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa, akanigeuza ubavu, akanisafisha. Hatujalizungumza tena.

Ila habari ilimfikia Elia, sijui kwa nani. Akaniita. Walinisogeza na kiti cha magurudumu mpaka kitandani kwake. Wakati huo alikuwa anapotea akili na kurudi, maana ini likishindwa uchafu unapanda kichwani, lakini saa ile alikuwa mwenyewe kabisa.

"Yustina," akasema, "usikubali tena."

Nikamwambia wamekataa, haiwezekani.

"Sikusema kama wamekubali. Nimesema wewe usikubali. Hata wakisema inawezekana."

Nikamwambia nimesikia. Akapumzika. Kisha akasema watoto wake wapimwe, wote watatu, wasingoje waugue. Akaniuliza kama lile langu linauma. Nikasema kidogo. Akasema, "Asante kwa kile kingine." Ndivyo alivyosema, mama, kile kingine, kama mtu aliyepewa kikombe. Akafumba macho.

Baada ya hapo homa iliingia. Mapafu yalipata maambukizi, yale yale daktari aliyoyaogopa tangu siku ya kwanza. Alitueleza kwamba mwili ukishaanza kupigana na maambukizi, ini huacha kukua, maana nguvu zote zinakwenda kwenye vita. Wakamwekea mashine ya kupumua. Jumamosi mchana, jua likiwa linawaka nje na watu wanauza matunda barabarani, alikata roho. Monika alikuwa ameshika mguu wake na mimi nimeshika mkono. Hakuwa peke yake. Najua utauliza hilo, kwa hiyo nalijibu. Monika alisema Baba Yetu kwa Kiswahili, na yule binti wa kukunja miguu, ambaye si Mkristo, alisimama mlangoni ameinamisha kichwa.

Mama, sitaweza kuja kumzika. Kwenye jeraha langu panavuja nyongo kidogo, wameniwekea mpira ubavuni, na daktari amekataa nisipande ndege mpaka pakauke. Anasema pakikauka salama nitapona kabisa, na pasipokauka watanifungua tena. Sikufichi kwamba naogopa. Yule dada Mkongo amesema atakuwa anapita kunitazama. Watu wakiuliza Yustina yuko wapi siku ya mazishi, waambie yuko hospitali, basi.

Nina maombi, na usiyaache.

Wakati wa kusoma wasifu wa marehemu kanisani, ugonjwa utajwe kwa jina lake. Wasisome "aliugua kwa muda mrefu" wakaishia hapo. Waseme homa ya ini, wale wa pombe wasikie na wale wa uchawi wasikie. Hasa wenye watoto wasikie.

Kosmas aanze kliniki sasa. Mwambie asione haya, yeye bado ana ini zima, na alichokosa Elia ni muda tu. Watoto wa Elia wapimwe, asiye na virusi achanjwe. Na wewe upimwe, mama. Utataka kujua vilianzia kwa nani. Nilimwuliza daktari. Akasema wengi huvipata wangali wachanga, enzi zile chanjo haikuwepo, na hakuna mwenye kosa. Tafadhali lishike hilo neno la mwisho.

Monika mpokee kama binti yako. Yatasemwa mengi, na wapo wajomba watakaoanza kuuliza vyombo na nyumba kabla udongo haujakauka. Usiwaruhusu. Huyu mwanamke amelala kwenye kiti tangu tulipofika huku. Kama alinichukia siku zile chache, alinichukia kwa kumpenda mwanao.

Na jambo la mwisho. Ulisema kwenye simu kwamba unamzika mtoto mmoja huku mwingine yuko mbali, huna binti wa kumshika mkono. Nimelala nalo neno hilo. Kile kipande hawakukitoa, mama. Nilimwuliza daktari, akasema kimebaki alipowekewa. Kwa hiyo jeneza likishushwa pale Lundo, mimi nitakuwemo kidogo mle ndani pamoja naye. Sisemi hivi ili ulie zaidi. Nasema ujue kwamba hakwenda bila mtu wa kwao.

Nisalimie mama mdogo, na umwambie alale kwako asirudi kwake mpaka nije. Nisalimie kaka Kosmas na mkewe. Padre mpe heshima zangu, na mama wa umoja wa kina mama anayeongoza nyimbo, mwambie waimbe ile ya Kinyasa aliyoipenda marehemu, si ya kitabuni tu. Wale wenzake kaka wa barabara, madereva wa halmashauri, wakija na gari lao wape nafasi ya kubeba jeneza, wataomba. Kwa Tasilo nimeandika karatasi yake, ila naye mwambie kwa mdomo wako kwamba mkewe anakula na anamkumbuka. Wajukuu zako wawili walioko Litumbandyosi, mwambie baba yao awalete wamzike mjomba wao. Wakiogopa kaburi wasilazimishwe.

Kunywa uji wako, mama. Mungu akushike pale mikono yangu isipofika.

Ni mimi mwanao,
Yustina